Saa za Ziada Ziwani: Nani Analipwa, na kwa Hesabu Gani

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kisiwani Ukerewe. Alasiri ile kivuko cha MV Nyerere, kilichosajiliwa kubeba watu 101, kiliondoka kimefurika abiria na mizigo, kikapinduka kikiwa karibu kabisa kutia nanga Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wakafuata polisi, askari wa zimamoto, wapiga mbizi wa Jeshi la Wananchi, watu wa Msalaba Mwekundu, madaktari na wauguzi. Giza lilipoingia uokoaji ulisitishwa, ukaanza tena asubuhi, na kazi ya kuopoa, kutambua na kuzika ikachukua siku kadhaa.

Wiki ile hakuna aliyeuliza nani amezidisha saa zake za kazi. Ingekuwa aibu kuuliza. Lakini wengi wa watu wale walikuwa waajiriwa, wana mishahara na familia, na nchi ina sheria inayosema mtu akifanya kazi kupita muda wake alipwe zaidi. Ukiipitisha sheria hiyo kwenye ufukwe wa Ukara, utaona inawagawa watu waliokuwa wameshika kamba moja: huyu ana haki ya ujira wa saa za ziada, huyu ana posho, huyu hana chochote. Mgawanyo wenyewe hautazami urefu wa kazi aliyoifanya mtu. Unatazama sare aliyoivaa.

Tuanze na wale ambao sheria inawafunika waziwazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki, katika siku zisizozidi 6. Kinachozidi hapo ni ovataimu. Ovataimu yenyewe lazima iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika kila wiki nne, na siku nzima pamoja na hizo za ziada isivuke saa 12. Malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya usiku, ambao kisheria unaanza saa 2:00 na kuisha saa 12:00 asubuhi, inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Anayeitwa kazini siku yake ya mapumziko ya wiki, au siku ya sikukuu ya kitaifa, analipwa mara mbili.

Hesabu haihitaji mhasibu. Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawe kwa 45 upate wa saa. Mwenye shilingi 300,000 kwa mwezi anapata takriban 1,538 kwa saa. Saa yake ya ziada ni kama 2,308, na saa ya sikukuu ni kama 3,077. Nyongeza ya usiku, hiyo asilimia 5, ni shilingi 77 tu kwa saa ya kawaida. Haitoshi nauli ya daladala kutoka Igoma hadi katikati ya jiji la Mwanza, lakini imo ndani ya sheria na ni haki yake.

Sasa mpeleke mwenye mshahara huo getini. Mwanza imejaa walinzi wa makampuni binafsi: kwenye viwanda vya kusindika samaki, kwenye mabenki ya katikati ya jiji, kwenye maghala ya Igogo, kwenye nyumba za kupanga za Capri Point. Zamu inayojulikana zaidi katika kazi hiyo ni ya saa 12, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mara nyingi siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 72. Ukitoa 45 zinabaki 27, na kwa wiki nne zinafika 108, zaidi ya maradufu ya ukomo wa 50. Kwa mshahara wetu wa mfano, ovataimu hiyo peke yake inakaribia shilingi 250,000, kabla ya kugusa nyongeza ya usiku.

Mwajiri mjanja atasema saa moja ya zamu ni ya kula. Ni kweli, anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano anastahili mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Ila sheria imeweka sharti: kama mfanyakazi anatakiwa kuendelea kufanya kazi au kuwa tayari kuitwa wakati huo, dakika hizo zinalipwa. Mlinzi anayekula ugali na dagaa ndani ya kibanda, jicho likiwa getini, bado yuko kazini. Upo pia mpango wa wiki iliyobanwa, unaoruhusu zamu za hadi saa 12 bila ovataimu, lakini unahitaji makubaliano ya maandishi, na saa za kawaida zisizidi 45 kwa siku 5. Mwenye lindo la siku sita hawezi kuingizwa humo.

Mlinzi huyu, pamoja na udhaifu wake wote mbele ya mwajiri, ana kitu ambacho polisi anayepita na gari la doria mbele ya geti lake hana. Ana sheria ya kuishika mkononi.

Kifungu cha 2 cha sheria hiyohiyo kinasema inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara, wakiwemo watumishi wa umma, isipokuwa walio katika majeshi manne: Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwao vimebaki vifungu vichache tu, vya kukataza ajira ya watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi. Saa 45, mara moja na nusu, asilimia 5 ya usiku, vyote vinaishia kwenye lango la kituo.

Ndani ya lango inatawala sheria nyingine, Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, ambayo inamhesabu askari kuwa yuko kazini wakati wote. Chama cha wafanyakazi haruhusiwi kujiunga nacho. Tarehe 8 Agosti, umati unapofurika viwanja vya Nyamhongolo kwa Nane Nane, mlinzi wa kampuni anayesimama kwenye banda la maonyesho anastahili malipo mara mbili kwa kuwa ni sikukuu. Konstebo anayesimama hatua kumi kutoka kwake, akizuia bodaboda zisiingie kwenye watu, siku yake ni ya kawaida.

Haina maana kwamba askari hapati chochote juu ya mshahara. Ana posho ya chakula kila mwezi, ana sare, ana kota kama amebahatika, na akipelekwa operesheni nje ya kituo chake anatarajia posho ya kujikimu. Lakini posho hizi hazifuati saa. Anayerudi nyumbani saa kumi jioni na anayekesha siku tatu kwenye boti ya polisi wanamaji akifukuza wezi wa injini za mitumbwi, posho yao ya chakula ni ileile. Cha ajabu ni kwamba saa zenyewe zimeandikwa. Kila kituo kina kitabu cha matukio, na nani kaingia zamu, nani katoka, nani katumwa wapi, imo mle kwa wino. Hakuna anayezidisha tu.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja nzito. Ghasia zikizuka Mabatini hakuna kamanda anayeweza kuambiwa kikosi chake kimemaliza saa zake kwa leo. Kivuko kikizama, kinazama saa yoyote. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, uliotetea uhuru wa vyama vya wafanyakazi dunia nzima, nao uliziachia nchi ziamue zenyewe kuhusu polisi na wanajeshi. Hata sheria yetu ya 2004, kwa wafanyakazi wa kawaida, inalegeza ukomo wa saa inapotokea dharura isiyoweza kumalizwa katika muda wa kawaida.

Ila hapo ndipo pa kutazama vizuri. Kuna kumzuia mtu asigome kufanya kazi usiku, na kuna kumnyima malipo ya usiku huo. Ni mambo mawili, na sheria yetu imeyafunga kamba moja.

Afrika Kusini imeyatenganisha. Sheria yao ya masharti ya msingi ya ajira inafanana na yetu kwa karibu: saa 45 kwa wiki, mara moja na nusu kwa ovataimu. Tofauti ni kwamba polisi hawakutolewa nje ya sheria hiyo, na wana vyama vyao vinavyokaa mezani na serikali, kikiwemo POPCRU kilichoanzishwa 1989. Uingereza iliwakataza polisi kuwa na chama cha wafanyakazi tangu 1919, baada ya migomo, lakini konstebo na sajenti wa huko wanalipwa saa za ziada kwa kiwango cha saa moja na theluthi. Kuna jambo moja la kuchekesha katika kanuni zao: askari akicheleweshwa ghafla mwisho wa zamu, nusu saa ya kwanza hailipwi, kwa mara nne za mwanzo katika wiki. Polisi wa huko waliiita nusu saa ya Malkia, na sasa ni ya Mfalme. Ukizidisha idadi ya askari wote, Mfalme anapewa zawadi kubwa.

Marekani wametumia njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1938 inadai ovataimu baada ya saa 40 kwa wiki, lakini kwa polisi na wazima moto inaruhusu mwajiri kuhesabu kwa kipindi kirefu zaidi. Katika siku 28, ovataimu ya polisi inaanza baada ya saa 171, na ya mzima moto baada ya saa 212, kwa kuwa wazima moto wengi wanakaa kituoni saa 24 mfululizo kisha wanapumzika. Badala ya fedha wanaweza kupewa likizo ya fidia, saa moja na nusu kwa kila saa ya ziada, hadi ijae benki ya saa 480. Utaratibu huo una kasoro zake. Katika miji kadhaa kuna polisi ambao ovataimu yao imepita mshahara wenyewe, na wakaguzi wanabaki kujiuliza mtu huyo analala saa ngapi. Hata hivyo swali hilo linaulizika kwa sababu saa zimehesabiwa.

Kwetu, saa za polisi zinapohesabiwa, mara nyingine anayezihesabu ni mtu binafsi. Askari wanaolinda benki au msafara wa fedha wanajulikana mjini kote. Mfano mkubwa zaidi katika kanda ya ziwa uko Tarime, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kwa miaka mingi mgodi ulikuwa na makubaliano ya maandishi na Jeshi la Polisi, na kwa makubaliano hayo uligharamia posho na mahitaji ya askari waliokuwa wakiulinda. Wanavijiji waliojeruhiwa, na ndugu za waliouawa katika mapambano na polisi hao, walifungua kesi London mwaka 2013 dhidi ya kampuni iliyomiliki mgodi. Mwaka 2015 kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama, kampuni bila kukiri kosa. Moja ya maswali yaliyoibuka lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: askari aliyelipwa mshahara na serikali, na posho ya siku na mgodi, anapoinua bunduki usiku, ni askari wa nani? Wanaojadili malipo ya polisi wangefanya vyema kuanzia hapo, maana pengo ambalo serikali haikuliziba huzibwa na mwenye fedha.

Wazima moto wana kisa chao cha pekee. Sheria ilipopitishwa mwaka 2004, hawakuwamo katika orodha ya majeshi manne, maana enzi hizo vikosi vya zimamoto vya miji vilikuwa chini ya halmashauri. Miaka mitatu baadaye ikatungwa Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya 2007, wakawa jeshi la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na vyeo na gwaride. Sheria ya 2004 yenyewe inaitaja huduma ya kuzima moto kati ya huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, afya na uongozaji wa ndege, ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma kama wengine. Hivyo askari wa zimamoto aliyepigiwa 114 usiku wa manane anajikuta katikati: anabanwa kama mtoa huduma muhimu, anaamriwa kama askari, na kuhusu ovataimu anategemea zaidi waraka wa ofisi kuliko kifungu cha sheria.

Wauguzi na madaktari wako hatua moja mbele yake. Hao ni waajiriwa kamili machoni pa sheria ya kazi, iwe Sekou Toure, hospitali ya mkoa, au Bugando, hospitali ya rufaa iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki na inayoshirikiana na serikali. Lakini katika utumishi wa umma ujira wa saa umegeuka kuwa posho pia. Julai 2022 serikali ilipandisha posho ya saa za ziada kutoka shilingi 30,000 hadi 60,000 kwa kiwango cha juu, na kutoka 15,000 hadi 30,000 kwa kiwango cha chini. Ilikuwa nyongeza ya maana. Hata hivyo ni kiwango kinachofuata daraja la mtumishi, hakifuati urefu wa usiku, na kulipwa kunategemea kama fungu lipo.

Madaktari wana pia posho ya kuitwa, ambayo wenyewe wanaiita on-call, kwa anayelala na simu karibu na sikio. Posho hiyo ilikuwa miongoni mwa madai yaliyosababisha mgomo mkubwa wa mwaka 2012, ulioanza Januari na kurudi tena Juni hadi Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu ikaamuru usitishwe. Watanzania wengi wanaukumbuka mgomo ule kwa kutekwa na kuteswa kwa kiongozi wake, Dk. Steven Ulimboka. Hesabu ya saa za usiku iliyokuwa ndani yake imesahaulika.

Mwisho wa foleni wapo wanaofika kwanza. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakafa. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alipewa shilingi milioni moja na mkoa wa Kagera, kisha kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan akaajiriwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nchi nzima ilishangilia, na haki. Wengine waliovuta kamba siku ile walirudi kwenye nyavu zao.

Usukumani jambo hili lina historia ndefu. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabiliana na wezi wa ng'ombe, wakalinda usiku bila mshahara, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Siku hizi katika mitaa ya Nyamagana na Ilemela kuna ulinzi shirikishi, ambapo kaya zinachanga fedha kidogo kwa ajili ya vijana wa lindo. Vijana hao si polisi, si walinzi wa kampuni, na kwa sheria ya kazi ni vigumu hata kumtaja mwajiri wao.

Palipopatikana utaratibu unaoeleweka ni ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, Sengerema. Huko ndiko mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, unaoitwa m-mama, ulikofanyiwa majaribio kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mama akizidiwa, simu inapigwa 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mratibu anamtafuta dereva wa karibu aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari lake la kawaida. Dereva akimfikisha mama, kituo cha afya kinathibitisha safari, na fedha inaingia kwenye simu yake. Saa ya kuitwa, njia na malipo vimo kwenye kumbukumbu moja. Askari aliyemsindikiza mama yuleyule kwa gari la kituo hana kumbukumbu kama hiyo.

Kwa mwenye haki ya kudai, njia ipo na ina muda. Mlinzi asiyelipwa ovataimu anapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Sheria inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za malipo, na anaposhindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Kwa hiyo nakala ya kitabu cha lindo, hata picha iliyopigwa kwa simu, ina thamani kubwa. Muuguzi wa serikali ana mlolongo mrefu zaidi: tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kugeukia sheria za kazi.

Konstebo wa Kirumba anabaki na mkuu wake wa kituo, na ngazi za vyeo zilizo juu yake. Madai yake huwa yanasikika Dodoma tu, wakati wa bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wabunge wanapoinuka kuzungumzia posho na kota za askari. Marekebisho yanayohitajika si marefu. Polisi wangeweza kubaki nje ya ukomo wa saa na nje ya haki ya kugoma, huku kifungu cha malipo ya ziada, au hata likizo ya fidia kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha kituo, kikawahusu. Hazina ingeuliza gharama yake ni kiasi gani, na kwa kujibu hilo ingebidi kwanza vitabu vya vituo vyote vifunguliwe na saa zijumlishwe.